Sanduku Lililonyamaza

Walisema sitaweza. Walisema aliyekwenda kusoma ng'ambo ya ziwa akarudi na viatu na karatasi yenye muhuri hajui kuku hata wa kuchinja. "Huyu ataatamia mwenyewe," alisema jirani yetu mchunga ng'ombe, na mnada mzima ukacheka.

Stashahada yangu ya kilimo niliipata kwa kufagia mabweni ili nipate chakula. Kutoka Ibadakuli hadi njia ya Geita hapakuwa na mwingine mwenye karatasi ile. Nilitengeneza sanduku la kutotolea vifaranga kwa mbao za makasha, nikaweka kandili chini, bakuli la maji na kipimajoto. Wachimba dhahabu wa Geita walikuwa wakinunua kila kuku aliyefika kwao.

Mayai niliyakopa kwa wanawake watano. Jirani yetu mjane alitoa kumi na mawili, akiyachomoa chini ya kuku wake pekee, aliyeanza kuatamia siku ileile.

"Wengine walikufa kwa ugonjwa wa mdondo," aliniambia. "Nikiwakosa hawa, kiangazi hiki nitaomba unga milangoni kwa watu."

"Mayu," nilimjibu, kama tunavyowaita mama zetu, "nitakurudishia vifaranga kumi na wawili."

Kila yai nililitia alama ya mkaa, nikaligeuza mara tatu kwa siku. Siku ya saba nilimwonyesha mjane yai mbele ya taa: mishipa myekundu kama mizizi. Alicheka kama msichana.

Siku ya ishirini vifaranga walianza kulia na kugonga ndani ya maganda. Hapo shule ilikuwa imenifunza neno moja: usifungue. Unyevu ukitoka, utando wa ndani ya ganda hukauka na kifaranga hunaswa. Nililijua vizuri kuliko yeyote.

Lakini kwetu anayekuja kukupongeza kwa kilichozaliwa huonyeshwa. Wakaja na salamu ya asubuhi. "Mwangaluka! Tumesikia sanduku linalia." Wa kwanza alikuwa mchunga ng'ombe.

"Haya, nani anaatamia?" nilimwuliza, nikafungua mlango.

"Kumbe lina mimba!" akasema, akaenda kuwaita wenzake.

Nikafungua tena, na tena, na upepo mkavu wa kiangazi ukaingia. Kila nilipofungua nilijiona nimerefuka.

Jioni milio ilipungua. Asubuhi palikuwa kimya. Maganda yalikuwa na matundu, midomo midogo imechungulia, utando umewakaukia mwilini kama ngozi ya ngoma. Wachache walioanguliwa walikuwa nyuma kabisa ya sanduku. Mayai ya mjane nilikuwa nimeyaweka mbele, karibu na mlango.

Hakunitukana. Alichukua yai moja, akaliweka sikioni. "Jana alikuwa anaongea," akasema, akaondoka nalo.

Kiangazi kile nilimwona akipita na kibuyu mlango kwa mlango, kama alivyosema. Kuku wake aliendelea kulalia manyasi matupu, akinitazama nikipita. Hata leo kijiko kikigonga kikombe, mimi hunyamaza na kusikiliza kama kitagonga tena.

Mara ya pili nilitumia mayai ya kuku wa mama yangu. Niliweka mabakuli mawili ya maji na gunia lililoloweshwa. Siku tatu za mwisho nilifunga mlango kwa kamba, nikaketi mbele yake. Wageni niliwapokea uani.

"Umekuwa mchoyo," alisema mchunga ng'ombe.

"Nimekuwa," nikamjibu. Alikwenda zake amenuna.

Vifaranga walitoka. Sanduku zima lililia, na sikulifungua mpaka walipokauka.

Siku ileile niliwalipa wanawake wote watano, kifaranga kwa yai. Kwa mjane nilifika mwisho, na kapu la vifaranga kumi na watatu. Alimwinua mmoja mmoja, akamweka sikioni, kisha akamwachia chini. Alipofika wa kumi na wawili akasimama, akaniwekea wa mwisho kiganjani.

"Mayai yangu yalikuwa kumi na mawili, baba. Huyu mrudishe kwenu, umsikilize wewe."