Suruali ya Tungu

Nakumbuka alasiri moja kule Ikola, mwanangu. Nimesimama nyuma ya shuka letu jeusi, mkono juu, jasho linanitiririka mpaka kiunoni, na upande wa pili wa shuka ni kimya. Watu walikuwepo. Nilikuwa nawasikia wakikohoa. Lakini hakuna aliyecheka, na mtu wa vikaragosi akianza kusikia vikohozi anajua mambo yameharibika.

Ngoja nianze vizuri, maana nyie wa siku hizi mkipewa habari kuanzia katikati mnashika simu.

Tungu ni karagosi wa mti wa mninga, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani. Babu yangu alimchonga kule Usukumani, kabla ukoo wetu haujahamia Mamba na ng'ombe wake. Ana kidevu kinachofunguka kwa kamba, ana tumbo la mtu anayekula vizuri, na jicho moja limekaa juu kidogo kuliko jingine, kwa hiyo kila anayemtazama anadhani anatazamwa yeye. Mkewe anaitwa Nyanzobe, mwembamba, mdomo hauna breki. Kila mwaka mavuno yakishaingia ndani, baba aliwalaza kwenye sanduku la bati, tukapanda lori, tukazunguka vijiji: Ugalla kwa warina asali, Ikola kwa wavuvi, halafu nyumbani. Baba alimshika Tungu, mimi Nyanzobe. Na nilimweza, msiulize.

Baba alikuwa na taratibu mbili alizopokea kwa babu. Ya kwanza, tukifika kijijini hatuchezi siku hiyo. Tunapokelewa kwenye nyumba fulani, na kesho yake tangu asubuhi tunafanya kazi ya watu wa pale. Wakiwa wanapukuchua mahindi, tunapukuchua. Wakiwa wanatengeneza mizinga, tunashika magome. Onyesho ni saa kumi jioni. Ya pili, Tungu akishatokeza kichwa juu ya shuka na kusalimia Kisukuma chake, "Mwadila!", lazima aulize: "Hapa mna nini?" Kisha ananyamaza. Hapo watu wanampigia kelele. Tuna nyani shambani! Tuna mwenyekiti hasikii! Tuna harusi Jumamosi! Tungu anachagua jambo moja, anagombana na mkewe juu ya hilo mpaka watu wanashika mbavu.

Mimi niliona taratibu zote mbili ni kupoteza muda.

Miaka ile banda la video lilikuwa limefika Mamba, jenereta inanguruma mchana kutwa, na vijana wenzangu wote wamejazana humo wanatazama watu wakipigana mateke. Watu wetu walipungua. Mwaka mmoja tulibaki na watoto na vikongwe. Baba hakulalamika, si mtu wa kulalamika, lakini msimu uliofuata bega lilimsumbua, akatuita mimi na kaka yangu Maganga. Akasema, "Bega langu limekataa. Wewe binti utamshika Tungu, Maganga atamshika Nyanzobe. Tunaanzia Ikola. Watu wakiwakataa kule, basi, nafunga sanduku. Kuna mtu wa mjini anamtaka Tungu na mkewe awatundike ukutani kwenye nyumba yake ya wageni. Nimemwambia asubiri."

Sikulala vizuri wiki ile. Kila nikifumba macho nilimwona Tungu ukutani, kamba ya kidevu imekatwa, juu ya kichwa cha mtu anayekula chipsi. Nikasema hapana, mimi nitamfanya wa kisasa. Nilimvua ngozi yake ya mbuzi, nikamshonea suruali ya jinzi kutoka kwenye mguu wa suruali kuukuu ya Maganga, nikamvika miwani myeusi, nikampaka rangi ya mafuta usoni akang'aa. Nilikuwa na kaseti ya muziki na daftari zima la vichekesho nilivyovisikia redioni, vya Dar es Salaam, vya makonda na foleni. Mimi mwenyewe foleni sikuwahi kuiona.

Ikola tulipokelewa na mama mmoja mwanika dagaa, Mama Zuhura. Asubuhi ya onyesho baba akaniambia niende naye ufukweni kama ilivyo kawaida. Nikaitikia, "Ndiyo baba," kisha nikajifungia chumbani nikakariri daftari langu. Na lile swali la Tungu nikaliondoa, maana watu wakianza kujibu wanakula muda na wanaharibu mpangilio. Nilishapanga kila kitu, mwanangu. Hata mahali pa watu kucheka nilishapaweka alama ya kalamu nyekundu.

Basi ndipo pale nilipoanzia. Tungu alitokea na muziki, na nakiri watoto walishangilia miwani. Nikajiona nimefika. Nikatupa kichekesho cha kwanza cha konda, kimya. Cha pili, kimya. Maganga akanitazama na macho ya mtu aliyekanyaga mwiba. Niliongeza sauti, kana kwamba tatizo lao ni masikio. Baba alikuwa amekaa mbele kabisa, katikati ya watu, ameshika bega lake. Nilimwona kupitia kitundu cha shuka, anainamisha kichwa.

Tulipomaliza, Mama Zuhura alizunguka akaja nyuma ya shuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Tungu anaumwa?" akaniuliza.

"Hapana mama. Amekuwa wa kisasa."

"Haya. Suruali imempendeza. Ila mbona leo hajatuuliza kitu?" Akamgusa Tungu kidevu kama anamgusa mgonjwa. "Mimi jambo langu nimemwekea mwaka mzima."

Nililia, sikufichi. Alipoondoka nilichukua wembe nikaanza kufumua suruali ile, nimrudishie Tungu ngozi yake, pengine kesho baba atanihurumia. Baba akanikuta hivyo hivyo, nyuzi mdomoni.

"Unafanya nini?"

"Namrudisha alivyokuwa."

"Acha. Nani kakwambia shida ni suruali?" Akaketi juu ya sanduku. "Babu yako alimvika ngozi kwa sababu siku zile mwenyewe alivaa ngozi. Vijana wenzako wanavaa nini?"

"Jinzi."

"Si ndiyo hiyo. Hata rangi, ingawa umempaka kama kuta za zahanati, nitaizoea. Lakini umemleta kwa watu hajui wamekulaje, wamelalaje, na bado anataka wacheke. Wewe ungecheka?" Akaninyang'anya wembe. "Kesho hatuondoki. Tutacheza tena. Alfajiri uwe ufukweni na Mama Zuhura, na daftari lako uniachie mimi."

Alfajiri nilikuwa ufukweni. Mitumbwi inaingia, wanaume wanashuka na macho mekundu kwa kukesha ziwani, wanakwenda kulala. Wanawake wanabaki na dagaa. Tulianika mpaka mgongo ukaniuma, na upepo wa ziwa ukaanza. Mchanga ukaja juu ya dagaa, tukapepeta, ukaja tena. Mama Zuhura akanipa dagaa mmoja aliyekauka nitafune. Meno yangu yakalia kwaa.

"Umesikia?" akasema. "Tunataka vichanja vya miti, tuanike juu, tuachane na mchanga. Mume wangu amesema atakata miti kesho. Kesho yake hiyo sasa ina mwaka."

Wenzake wakacheka kwa uchungu, kila mmoja akamtaja wa kwake. Kumbe hilo ndilo jambo alilomwekea Tungu mwaka mzima. Nilipokuwa nakariri makonda wa Dar, lilikuwa hapo limelala kwenye mchanga, hatua hamsini kutoka chumba changu.

Jioni ile watu walikuwa wachache kuliko jana. Tungu akatokeza kichwa, jinzi yake, miwani yake. "Mwadila!" Wachache wakaitikia. "Hapa mna nini?" Nikanyamaza kama baba alivyonifundisha, na kunyamaza kule mwanangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana mkono unataka kujaza ule ukimya.

"Tuna mchanga!" Ni Mama Zuhura.

Wanawake wakalipuka. Tungu akapiga miayo. "Nitakata miti kesho," akasema, akalala palepale juu ya shuka, anakoroma na miwani yake usoni. Nyanzobe, kwa sauti nyembamba ya Maganga iliyokuwa inakatika katikati, akatafuna dagaa, kwaa, jino likaruka, akaanza kulitafuta jino kwenye mchanga huku mumewe anaota anakata miti. Sikukumbuka hata neno moja la daftari. Wanawake walikuwa wanagaragara. Wanaume walianza kucheka kwa aibu, baadaye wakacheka kabisa, na waliokuwa majumbani wakaja mbio kuona kuna nini.

Asubuhi tunasubiri lori, wakapita wanaume wawili na miti begani. Mmoja ni mume wa Mama Zuhura. Akapita bila kunitazama, kisha akageuka. "Mwambie huyo Tungu wako nimekata." Baba alicheka mpaka bega likamuuma. Yule mtu wa mjini aliambiwa atafute picha ya kutundika.

Sasa ungedhani nilijifunza moja kwa moja. Sikujifunza.

Baba alishatangulia. Mimi nipo hapa Mpanda mjini, magoti ya Maganga ni mabovu, na sanduku liko chini ya kitanda changu. Mwaka huu binti yake, Limi, alikuja akaniambia, "Shangazi, nataka nimfanye Tungu bodaboda. Nimvalishe koti la kung'aa na kofia ngumu. Tukacheze mnadani, halafu nirekodi vipande vifupi niweke kwenye simu, watu wa mbali wamwone." Mwanangu, niliwaka. Nilimwambia haya ni mambo ya kumdhalilisha mzee. Siku tatu nilikalia sanduku, karibu nile chakula juu yake. Siku ya nne akajaribu tena, nikapiga kelele, "Usiguse suruali ya Tungu! Ndivyo alivyo tangu zamani!"

Limi akaniuliza kwa adabu, "Kumbe jinzi ni ya tangu babu?"

Maganga kwenye kiti chake alicheka mpaka nikataka kumrushia kijiko.

Nikamuuliza Limi swali moja tu. "Umekaa na hao bodaboda?" Akasema siku ya pili hiyo yuko kijiweni kwao, anawasaidia kuosha pikipiki na kusikiliza. Na hivyo vipande vya kwenye simu? Akanionyesha kimoja alichokijaribu na mdoli wa kitambaa. Mdoli anauliza, "Hapa mna nini?", kisha kimya. Chini yake watu wameandika majibu, mmoja yuko Mamba, mwingine Ugalla, mwingine hata hajulikani yuko wapi. Limi anayasoma asubuhi nzima kabla hajarekodi kingine. Nilinyanyuka kwenye sanduku mwenyewe.

Siku ya mnada nilikaa mbele, katikati ya watu, alipokuwa anakaa baba. Vumbi, ng'ombe wanalia, vijana wamenyanyua simu. Tungu akatokea na kofia ngumu, koti linang'aa, na chini yake jinzi ileile, magoti yametoboka. "Mwadila!" Tukaitikia. "Hapa mna nini?"

Kimya. Nilijua mkono wa Limi nyuma ya shuka unataka kujaza. Mwili wangu wote ulitaka kwenda kumsaidia. Kisha nikaelewa kwamba mimi sasa ni mtu wa upande huu.

"Tuna shangazi kichwa ngumu!" nikapiga kelele.

Mnada mzima ukacheka. Tungu akanigeukia taratibu na jicho lake la juu. "Huyo namjua," akasema. "Ndiye fundi wangu wa suruali." Hapo vijana wa bodaboda wakaanza kumrushia mambo yao, mmoja juu ya mwenzake, mpaka Nyanzobe akakosa nafasi ya kusema.

Basi mwanangu, ninachokuambia ni hiki. Ukikabidhiwa kitu cha wazee, iwe karagosi, ngoma, mapishi au kazi yoyote, usiogope kukivalisha nguo za siku zako. Mavazi yalikuwa mapya siku fulani hata kwa babu yako. Ila kabla hujabadilisha, tafuta ni kitu gani kinachowafanya watu wakingoje mwaka mzima, hicho usikiguse. Kwetu ni swali moja, na uvumilivu wa kunyamaza baada yake. Nenda ukafanye kazi ya watu kabla hujaomba wacheke. Na ukizeeka kama mimi, siku moja mtoto atakuja na kofia ngumu. Nyanyuka kwenye sanduku.

Mungu akujalie mikono isiyochoka na masikio yasiyoziba. Akulinde njia zote za vumbi utakazopita. Na kila utakapofika, ukute mtu aliyekuwekea jambo mwaka mzima, anakungoja umuulize.