Kumfuata Gidamis Getanuwas

Nilitoka Masieda kwa sababu moja. Mdogo wangu Gidamis alipimwa hospitali ya Haydom, akaambiwa ana saratani ya utumbo mpana na lazima apasuliwe, akakimbilia kwa ng'ombe wake, kijijini Getanuwas. Mimi niliishia darasa la pili, lakini najua damu chooni haikomi kwa kukimbiwa.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi na mjukuu wangu Paskalina, aliyekuwa likizo. Chuoni kwao wanatafuta dawa ya ugonjwa huohuo. Basi zima lilijua. Niliwaambia ameshaipata.

Haydom tulishuka, tukachukua pikipiki mbili. Alasiri tulimkuta Gidamis zizini, amekonda, shuka inamning'inia.

"Shikamoo babu," Paskalina akasema.

"Marahaba, mchumba. Umeniletea kisu?"

"Nimeleta maneno tu."

Jioni, wakati wa kukamua, ndama walifunguliwa. Paskalina akauliza, "Babu, huyu ataenda kwa ng'ombe yupi?"

"Kwa mama yake. Hata wawe mia, anamjua."

"Ndiyo kazi yetu. Dawa ya saratani ikizunguka mwili mzima, inaumiza hata penye uzima. Sisi tunaitia ndani ya chembe ndogo mno, jicho halizioni, tunazipa alama ya kuitambua saratani ziifuate hukohuko."

Gidamis akasimama. "Hiyo naitaka! Kesho twende."

Nikashusha pumzi. Lakini msichana hakuwa amemaliza.

"Babu, hiyo bado. Tunaijaribu kwa panya, na nyingi inakamatwa na ini kabla haijafika. Haydom utakuta kisu, na pengine dawa ya kawaida baadaye."

Nikamfinya paja.

"Bibi, usinifinye. Nitamdanganyaje?"

Gidamis akachuchumaa, akakamua mpaka kibuyu kikajaa maziwa. Kisha akanigeukia. "Dada, mnadani mimi hununua kwa nani?"

"Kwa anayetaja kilema cha ng'ombe wake kabla hujauliza."

"Basi huyu ametaja."

Jumanne aliingia wodini Haydom kwa miguu yake, fimbo akamwachia Paskalina. Wiki iliyofuata akapasuliwa. Siku chache baadaye alikuwa akiwagombeza wauguzi kwamba uji ni mwepesi. Majibu ya uvimbe bado tunayasubiri.

Nilirudi Masieda peke yangu, Paskalina akabaki kumuuguza. Ndani ya basi mama mmoja aliyenisikia siku ile akauliza, "Bibi, ile dawa ya mjukuu wako vipi?"

"Bado haijawa tayari," nikamjibu. "Amesema mwenyewe."

Nikakaa wima mpaka nyumbani.