Bibi Mwaija na Upande wa Ngazija

Bibi Mwaija hakuwahi kufika Ngazija, kule Komoro, hata siku moja, lakini ungemsikia anavyoiongelea ungedhani karudi Ijumaa iliyopita. "Kwetu Ngazija kuna mlima unatoa moshi. Kwetu wali haupikwi hivi jamani, huu mmepika uji." Kwao kwenyewe ni Bagamoyo, kazaliwa hapo, kaolewa hapo. Aliyetoka Ngazija ni bibi yake, alikuja na jiwe la matumbawe la kusagia liwa na masimulizi kibao, na vyote alimwachia Mwaija.

Jiwe hilo ndo lilimpa jina mjini. Harusi yoyote ya Wangazija wa Bagamoyo, bi harusi anapakwa liwa usoni na Mwaija. Anasaga msandali kwa maji ya waridi, anamkalisha mtoto wa watu kwenye mkeka, anamgeuza aangalie baharini. Bibi yake ndo alimfundisha hivyo: bi harusi wa Kingazija anaangalia Ngazija. Hakuna aliyebisha. Nani abishe, wakati yeye ndo Ngazija yenyewe?

Sasa mwaka 1972, Msabaha, baharia wa mtaani kwao, akarudi na mke. Mardhiya. Huyu katoka Ngazija kweli, si ya masimulizi. Wanawake wakahamia kwake. Unamjua fulani? Msikiti mkubwa bado upo? Mbele ya nyumba ya Msabaha ndala zimejaa, kwa Mwaija hakuna hata mtu wa kuomba kiberiti.

Mwaija akaapa haendi. Alivumilia, alivumilia, mwisho akajifunga kanga akasema anaenda kuomba chumvi.

Mumewe, Mzee Haji, akamtazama. "Mke wangu, chumvi tunayo mpaka ya kuuza."

"Hiyo ni ya mawe. Nataka laini."

Alivyofika akamkuta Mardhiya katikati ya mkeka, mdogo, mzuri, sauti kama anaimba. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa na adabu. Alimwamkia shikamoo na kumpisha mto wake. Ungemchukiaje mtu kama huyo? Mwaija aliweza.

"Hebu tuambie, mwanangu," akamtega mbele ya wote. "Huko bi harusi akipakwa liwa anaangalia upande gani?"

"Upande wenye mwanga, dada, ili anayempaka aone."

Sada, mama wa bi harusi mtarajiwa, akashangaa. "Haangalii Ngazija?"

"Si yuko hukohuko Ngazija? Ataiangaliaje?"

Hapo wakaanza kuchekea ndani ya kanga. Sada akasema sisi hapa tunamgeuza baharini, kwenu. Mardhiya akatoka nje akaangalia, akarudi ametahayari. "Huko ni Unguja, dada. Ngazija ni huku kulia, upande wa Dar."

"Kumbe miaka yote tumewaozesha Unguja," mmoja akasema, na mkeka mzima ukalala kwa kicheko. Mwaija akaondoka bila chumvi.

Kesho yake habari ikamfikia: Zaina wa Sada atapakwa liwa na Mardhiya. Huyo Zaina ndo bibi yangu mimi, mama yake baba, na hii yote kanisimulia yeye. Anasema Mwaija hakula. Mzee Haji akimsemesha anajibu, "Kamuulize wa Ngazija."

Siku ya harusi Sada akatuma mtu kuazima jiwe, maana la Mardhiya lilivunjika safarini.

"Jiwe haliazimwi," Mwaija akasema. Halafu akalibeba mwenyewe chini ya buibui, akaingia nalo kwenye chumba kimejaa mpaka wageni wa Zinga. "Sikuja kwenye harusi. Nimekuja kulinda jiwe langu." Akakaa mlangoni, kidevu juu.

Mardhiya akasaga. Anasaga vizuri, Mwaija aliona, akaumia. Mardhiya akamgeuza Zaina kulia, upande wa kweli, naye akakaa nyuma yake aone kama kapatia. Akawa anatazama ule ukuta kama una dirisha. "Mama yangu yuko huko," akasema polepole. "Leo yuko huko, na mimi niko hapa." Machozi yakatiririka, liwa ikaanza kukauka kwenye jiwe.

Watu wote wakamwonea huruma. Mwaija akamwonea wivu. Alikuja kumwambia bibi yangu baadaye: yeye kaililia Ngazija kila harusi, lakini machozi yake yalikuwa ya kusimuliwa, na yule binti ana ya kwake mwenyewe.

Akanyanyuka, akalichukua jiwe mikononi mwa Mardhiya bila kuomba. Akalowesha liwa upya. Akamshika Zaina mabega, akamgeuza, Unguja.

"Dada Mwaija, huko siko," Sada akasema.

"Najua siko. Bibi yangu alimkalisha mama yako huku, na mimi nikakukalisha wewe huku. Unataka mtoto atuache sisi, aangalie mama wa Mardhiya?"

Hakuna aliyecheka. Mardhiya akajifuta macho. "Na mimi, dada?"

Mwaija akachota liwa. "Wewe kaa hivyohivyo. Angalia kwenu."

Wakakaa mkeka mmoja, Zaina na Mardhiya, mmoja anatazama Unguja, mwingine Ngazija. Mwaija akawapaka wote wawili, usoni, kwa jiwe lake.

Kwetu bi harusi anatazama Unguja mpaka leo. Na Bibi Mwaija mpaka anafariki, ukimtajia Mardhiya, na walishakuwa mashoga wa kulishana, atasema, "Mzuri sana. Ila jiwe langu hakulipata."