Bega la Mzee Arvid na Sheria ya Sahani

Mzee Arvid Rautio ana bega la kulia ambalo nusu yake ni mali ya hospitali. Walilipasua majira ya baridi yaliyopita, wakatia skrubu, wakalishona, kisha daktari akamwonya aachane na bunduki yake ya kuwindia, maana ikilia humsukuma mtu kama kondoo dume mwenye kinyongo. Daktari mwenyewe mgeni, katoka kusini. Hakujua kwamba huku kaskazini mwa Michigan, kwetu sisi wajukuu wa Wafini, kumkataza mtu kuwinda kulungu mwezi wa kumi na moja ni sawa na kumkataza asifufuke siku ya kiyama.

"Nimeelewa," Mzee Arvid akamjibu. Hilo ndilo neno lake akishaamua kutosikia.

Ni fundi matairi, mume wa shangazi yangu Lempi, na hajakosa msimu hata mmoja tangu ujana wake. Maneno yake machache, sheria zake nyingi. Sheria kubwa kuliko zote inatawala kambi yetu, kibanda cha magogo msituni tunakolala wiki ya kwanza ya msimu. Siku moja kabla ya kuanza, kila mwindaji hupiga risasi tatu kwenye sahani ya karatasi iliyopigiliwa ubaoni. Zote tatu zikiingia, unawinda. Ikitoka hata moja, unavaa aproni na kubaki kupika, hadi kambi nzima ikubali kwa kunyoosha mikono upewe nafasi nyingine. Aliitunga ili mnyama asiachwe na jeraha na mtu anayepiga kwa kubahatisha. Sheria nzuri. Ubaya wake ni kwamba haina ndugu.

Muulize baba yangu, Onni, kaka yake Lempi. Mwaka mmoja risasi yake ya tatu ilikata ukingo wa sahani, nusu ya tundu ndani, nusu hewani. Mzee Arvid akaitazama kama hakimu anayetazama mwizi wa kuku. "Nje, shemeji." Baba akapika. Na kosa la baba ni kwamba anapika vizuri. Msimu mzima hakuna aliyenyoosha mkono, wote walikuwa wameshika vijiko.

Kwa hiyo tulijua Mzee Arvid anaogopa nini mwaka huu, ingawa hakusema. Marehemu baba yake aliitundika bunduki ukutani msimu mmoja tu, "mpaka mgongo upoe," na hakuishusha tena.

Akaamua kutengeneza risasi zake mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa rahisi: risasi laini, baruti kidogo, mwendo wa pole, bunduki isukume kama mtoto anayeomba peremende. Madini alikuwa nayo. Gereji yake ilikuwa na kopo limejaa vile vipande vizito vya madini ya risasi vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike. Akaviyeyusha nyuma ya sauna, kibanda chetu cha kuoga mvuke, akamimina kwenye kalibu, akazipaka risasi nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo. Shangazi Lempi alimkataza kugusa upawa wake wa uji. Alimkataza kwa kuchelewa.

Majani yalipoanza kugeuka rangi tukaenda kuzijaribu kwenye shimo la kokoto. Mimi nilishika darubini.

"Ya kwanza imeingia wapi?" akauliza.

"Kwenye sahani, hapana. Ndani ya Michigan, ndiyo."

"Usinichezee, kijana."

Akapiga ya pili, ikaenda kushoto kabisa. Ya tatu haikugusa hata ubao. Nadhani hadi sasa inatafuta pa kulala. Nikamuuliza bega.

"Haliumi."

"Sasa tatizo nini, Mzee?"

Akaitazama mikono yake. "Mimi," akasema. Kisha akairudisha bunduki kwenye mfuko wake taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Nilikuwa na utani mzuri mdomoni. Nikaumeza.

Wiki nzima hakuingia kwenye banda la nyuma ya gereji, alikoweka kopo na chungu. Alifunga matairi ya watu, akala, akalala. Ni shangazi aliyeingia, kwenda kuudai upawa wake. Alipouvuta kutoka nyuma ya kopo, kopo likapinduka, vipande vikamwagika kwenye sakafu ya saruji. Mzee Arvid na mimi tukaja mbio tukidhani ameanguka. Tukamkuta amesimama wima, kidole juu.

Shangazi Lempi hupiga kinanda kanisani. Mtu akikohoa nje ya ufunguo, anajua ni benchi gani.

"Arvid, hivi haviimbi sauti moja."

"Ni madini, Lempi, si kwaya."

"Nakwambia kuna wageni kwenye kwaya yako." Akaokota kimoja akakiangusha. Tup. Akaokota kingine, sura ileile, rangi ileile. Ting!

Mzee Arvid akajipiga kofi la paji la uso hadi kofia ikahama. Kile cha ting kilikuwa zinki. Rimu za siku hizi nyingi huja na vipande vya zinki, na zinki ikiingia kwenye chungu cha risasi huharibu upishi wote: risasi hutoka nyepesi na yenye makunyanzi, na ikipigwa huenda inakotaka. Akachukua moja ya zile alizotengeneza, akaikagua juani. Makunyanzi matupu, kama uso wa bibi aliyekula ndimu.

"Na kila kijana aliyepita gereji hii nimemfundisha kutenganisha makopo," akasema. "Sasa nani kavichanganya?"

"Nani alikuwa anafagia meza kwa mkono mmoja, mwingine kautundika shingoni kwa kitambaa?" shangazi akauliza.

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali. Mchana ule ukaisha hivyo: yeye anaangusha, shangazi kakalia tairi anahukumu. "Tup, weka. Tup, weka. Ting, tupa. Hiyo rudia, ndege kalia." Nikajaribu kusaidia, nikaambiwa mtu aliyeacha diploma katikati asiguse kazi inayotaka kumalizwa. Mzee Arvid akasugua chungu, akaanza upya. Risasi zikatoka nyororo, zinang'aa kama samaki.

Siku ya sahani, theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Mzee Arvid akapiga mbili, zikaingia katikati, jirani kabisa, zingeweza kuombana chumvi. Akavuta pumzi, akapiga ya tatu.

Ikakata ukingo.

Baba akaibandua sahani, akaielekeza kwenye mwanga, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Usinihurumie, Onni," Mzee Arvid akasema.

"Nani anakuhurumia? Hii siku nimeingoja miaka." Baba akavuta uso mrefu wa kimahakama. "Nje, shemeji."

Kambi ikaangua kicheko, na Mzee Arvid akanyoosha mkono kupokea aproni. Lakini nilimwona akiitazama ile sahani na matundu yake mawili ya katikati. Hakuwa tena yule wa shimo la kokoto. Aproni akaifunga kwa mkono wa kulia, bila kukunja uso.

Kesho yake, siku ya kwanza ya msimu, tulirudi mchana tumeganda, tuna njaa ya mbwa mwitu. Akatupakulia supu ya njegere. Chini imeungua, juu mbichi, katikati sijui, sikufika. Baba akatafuna, akaacha kutafuna, akatega sikio.

"Shemeji, hizi njegere ulizijaribu kwenye sakafu kwanza?"

"Kula."

"Nauliza tu kama ni za tup au za ting."

Sikumbuki nani alitaja nafasi ya pili. Nakumbuka mikono. Yote ilikuwa juu, na baba alinyoosha miwili. Mpaka leo shangazi anashikilia kwamba nyumbani mumewe anapika vizuri tu, na Mzee Arvid ukimuuliza habari za supu ile anasema, "Nimeelewa."

Tukatoka wote nje, midomo inanuka moshi wa njegere. Sahani mpya, mtu yuleyule. Ya kwanza ndani. Ya pili ndani. Kabla ya ya tatu alishusha bunduki, akazungusha bega, akasikiliza kama linamdai kitu. Halikumdai. Akapiga.

Baba akaenda ubaoni, akarudi nayo polepole makusudi, shetani yule.

"Ndani," akasema. "Zote, na kwa mbali kutoka ukingoni. Haya, nivulie aproni yangu kabla hujatuua."

Asubuhi iliyofuata Mzee Arvid alikuwa wa kwanza kutoka, koti lake la rangi ya chungwa likiingia katikati ya misonobari, bunduki begani, bega la kulia. Nyuma yake, mlangoni, baba alikuwa amepiga magoti kwenye theluji anakwangua ile sufuria ya njegere zilizoungua, anatukana kwa Kifini, na amefurahi.