Injini Tuliyoifungua Yote

Injini ya pikapu yetu ilikaa sebuleni kwetu Mabatini, juu ya gunia la pamba, nami nikienda jikoni nilikuwa naipita kwa ubavu. Mume wangu alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, chama kikayumba, madereva wakapunguzwa kazi, naye badala ya mafao akapewa pikapu kuukuu aliyokuwa akiiendesha. Ndiyo iliyonibebea dagaa kutoka mwaloni, kule ziwani wanakoshushwa, kwenda minadani. Tulikula kwa gari hilo. Halafu likaanza kunywa oili na kutoa moshi, na kilima kidogo tu likawa linakataa.

Fundi wa jirani akaja, akaishusha injini na kuifungua kichwa, akasema tubadilishe pete za pistoni tu, litasogea mwaka, labda miwili. Mimi nikaona afadhali. Dagaa walikuwa wananisubiri, na mume wangu mwenyewe alikuwa amekonda, kifua hakimpi nafasi, akinyanyua spana lazima akae kwanza avute pumzi.

Yeye hakutaka kusikia. Alitaka silinda zichongwe, krenki ikasagwe, pistoni mpya, beringi mpya, kila kitu. Akanishika mkono, akapitisha ukucha wangu ndani ya silinda mpaka ukakwama kwenye ukingo.

"Umeona palivyoliwa? Pete mpya humu hazitadumu."

"Hivi una wazimu?" nikamwambia. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. "Chooni kwenyewe unafika kwa kushika ukuta, leo unataka kufumua injini nzima! Weka hizo pete, upumzike. Ukipona utaifungua vizuri mwakani."

Alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Mama watoto," akasema, "mwakani ataifungua nani?"

Nilikaa chini palepale, kwenye oili, na kitenge changu kizuri. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, maana alikuwa amelitamka jambo ambalo nyumba nzima tulikuwa tunalikwepa.

"Nikiwa sipo," akaendelea, "kila mwezi utaambiwa hiki kimekufa, kile kimekufa. Utakula nini na watoto? Nataka nikuachie nzima."

Basi tukaifungua yote. Mdogo wake akapeleka vyuma karakana, vikarudi vimechongwa. Mimi nikawa mikono yake: yeye kwenye kigoda, anasema kaza, legeza, kaza tena. Tuligombana, we acha tu! Kuna nati alinifungulisha nilizokwisha kuzikaza, eti hajaridhika. Nilisonya, nikafungua.

Tuliirudisha garini, ikawaka asubuhi moja, bila moshi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipotulia akanionya kwamba vyuma vipya havijazoeana, kwa hiyo wiki za mwanzo isikimbizwe hata kidogo: spidi arobaini, isizidi.

Mwenyewe hakuwahi kuiendesha. Alifariki kabla ya wiki kwisha.

Tulimpeleka kuzikwa kwao, mbele kidogo ya Bujora, kwa pikapu ileile, jeneza nyuma na ndugu wamelizunguka. Mdogo wake alishika usukani, mimi nikakaa pembeni yake. Tulipotoka mjini barabara ikanyooka, naye akaanza kukanyaga mafuta.

"Punguza," nikamwambia.

"Shemeji, watu wanasubiri kaburini."

"Wasubiri. Arobaini, isizidi."

Alinitazama, akapunguza. Mabasi yakatupita. Watu waliokuwa kando ya barabara walisimama, wanaume wakavua kofia. Tulipofika, wazee wa ukoo walinishika mkono mmoja mmoja, wakanishukuru kwamba nimemleta mtoto wao taratibu, kwa heshima. Nikawaitikia. Sikuwaambia kwamba safari nzima nilikuwa nasikiliza injini, na kwamba ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa.