Moshi wa Pilipili Mtaroni

Veronika hakuwahi kuingia kwenye kamati yoyote akatulia. Kwenye kamati ya shule alitaka vyoo viwe vimechimbwa jana. Kwenye jumuiya ya kanisa alitaka kwaya iimbe haraka zaidi ili watu wawahi kazi. Kwa hiyo mtaa ulipounda kamati ya mitaro, mwaka ule baada ya mvua za Elinino kuichezea Karatu zilivyotaka, watu walimtaja yeye kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza nani anafaa. Wengine walimtaja kwa heshima, wengine ili apate shughuli ya mbali na wao.

Kazi yenyewe ilikuwa kufuata kila mtaro kutoka barabarani hadi unapotemea maji, na kuangalia kama mdomo wa kule chini uko wazi au umezibwa. Mtu mwingine angeiona adhabu. Veronika aliiona sherehe. Alivaa gumbuti za mumewe Valeriani, akajifunga kanga kiunoni, na watu wakazoea kumwona akichomoza vichakani na majani kichwani, akitangaza, "Nimeupata mwingine!" kana kwamba ameokota almasi. Uani kwa watu wote alifika. Alichungulia mabanda ya nguruwe, akachungulia nyuma ya vyoo, na mzee Clemensi alifukuliwa migomba yake mitatu kwa sababu tu ardhi pale ilikuwa na unyevunyevu.

Ila mtaro mmoja ulimtoa jasho. Ulikuwa wa zamani, wa mawe, uliojengwa na walowezi kupita chini ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Mdomo wake wa juu ulijulikana. Ulikuwa ubavuni mwa mgahawa wa Nafisa, mwanamke wa Kondoa ambaye madereva wa watalii walipanga foleni alfajiri kwa ajili ya chapati zake. Mdomo wa chini haukujulikana na yeyote. Maji yaliingia juu, yakakosa pa kutokea, yakarudi na hasira zake jikoni kwa Nafisa. Masika iliyopita yaliondoka na unga, meko na nusu ya ukuta.

Siku moja bwana Herbert, mtu wa ujenzi kutoka halmashauri, alifika pale na kamba na vigingi. Hakuwa mtu mbaya, na hakuonekana kuifurahia kazi ya siku hiyo.

"Mama Veronika, mtaro huu hauna ramani, na masika haisubiri ramani. Tingatinga linakuja Jumatatu. Mdomo wa chini usipopatikana, nachimba mtaro mpya, na njia ya maji ni hii hapa."

Kidole chake kilipita katikati ya jiko la Nafisa.

Nafisa alikaa juu ya kiroba cha unga. "Dada Vero, wakinivunjia hapa naenda wapi? Kondoa nilishaaga."

"Huendi popote," Veronika alisema. "Huo mdomo nitautafuta hata kama umemezwa na tembo."

Alisema kwa sauti, mbele ya madereva na chai zao. Ahadi ya Veronika ilikuwa kama mbege yake, ile pombe ya ndizi: ikishamiminwa hairudi kwenye pipa. Na mbege ile haikuwa na mpinzani. Wachaga wenzake walikiri kwamba hata kwao Kibosho hawajainywa tamu namna ile, na siri yake ilikuwa pango la mawe nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa kuelekea korongoni, lenye ubaridi hata jua la Januari likichoma. Walilikuta pale waliponunua kiwanja. Watu walisema mlowezi alikuwa akihifadhi viazi humo. Nungunungu walipoanza kutokea kwenye shimo la ukuta wa nyuma na kutafuna viazi vikuu vyake, Valeriani alijenga ukuta wa matofali, mambo yakaisha.

Wazo la moshi lilimjia Ijumaa akisuuza vibuyu. Baba yake, shambani Kibosho, aliwafukuza fuko kwenye migomba kwa kuwasha moto kwenye tundu moja na kungoja moshi uonyeshe tundu la pili. Aliviacha vibuyu majini, akakimbia hadi mgahawani.

Kesho yake asubuhi Metui, mlinzi wa duka la jirani, Mmasai wa Nainokanoka, alileta gunia la mavi makavu ya ng'ombe. Nafisa aliagizwa pilipili kichaa, zile ndogo.

"Za nini tena?"

"Moshi unaweza kupotezwa na upepo," Veronika alisema. "Pilipili haijifichi."

Wakauwasha moto ndani ya mdomo wa juu, wakaufunika kwa magunia yaliyolowa, na madereva wawili wakapepea kwa kipande cha bati, wakikohoa na kutukana kwa furaha. Nusu ya mtaa iliteremka kando ya korongo kungoja. Veronika alikuwa kila mahali. Alikimbia juu, akakimbia chini, gumbuti zikimvuka.

"Metui! Vipi huko?"

"Hapa hakuna, yeyo! Hata kidogo!" Metui alijibu, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Na kwenye migomba?"

"Hakuna!"

Ndipo aliposikia mbuzi wakipiga chafya. Alisimama, akanusa. Pilipili! Akaifuata harufu ile kwa pua, akapita uzio wa mzee Clemensi, akaruka shina la mgomba, akakata kona, akiwa ameinua kanga na kucheka peke yake, hadi moshi ukamjia usoni, mzito na mweupe, ukitoka kwenye mlango wa mbao anaoufungua kila siku.

"Nimeupata!" alipiga kelele, kabla akili haijafika.

Kisha ikafika. Alifungua pango. Nyuma ya mapipa, ukuta wa Valeriani ulikuwa ukitoa moshi kwenye kila kiungo cha tofali. Tao la mawe juu ya kichwa chake, lile alilokuwa akilisifia kwa wateja, ndilo lililokuwa mdomo wa chini. Maji ya mtaa mzima yalikuwa yakigonga nyuma ya mbege yake, na kwa kukosa mlango yakarudi kumbomolea Nafisa.

Alitazama huku na huku. Uani palikuwa patupu. Kule chini Metui bado alikuwa akiita kwamba hakuna, na upepo ulikuwa ukiupeleka moshi upande wa msitu. Kando ya mlango palikuwa na gunia bichi la kufunikia mapipa. Veronika aliliokota. Alilishika kwa mikono miwili. Pango hilo ndilo lililosomesha watoto wake. Kuuziba moshi ule kulikuwa jambo la mkupuo mmoja tu.

"Dada Vero!" Nafisa alifika langoni akihema, machozi ya pilipili yakimtiririka. "Umeona chochote?"

Nafisa hakuwahi kukanyaga ua ule, kwa sababu ya pombe, iliyo haramu kwake. Hata sasa miguu yake ilisimama pale pale langoni.

"Nimeuona," Veronika alisema. "Ingia."

Nafisa alijiziba pua kwa mtandio, akaingia. Akatazama matofali, akatazama mapipa, akalitazama gunia mikononi mwa mwenzake.

"Pombe siigusi," alisema. "Matofali nipe mimi."

Basi ikawa vurugu tamu. Metui na madereva waliyabeba mapipa nje, Veronika akapiga nyundo ya kwanza, na Nafisa akapokea tofali baada ya tofali. Herbert, aliyeitwa haraka, alitambaa shimoni na tochi, akatoka mwekundu kama udongo, akang'oa vigingi vyake mwenyewe huku akipiga mluzi. Valeriani, aliyekuwa amewapeleka watalii kreta ya Ngorongoro, aliporudi alikuta ukuta wake umepangwa uani.

"Mimi nilizuia nungunungu tu!"

"Ulizuia Karatu nzima, mume wangu. Shika koleo."

Walizibua mtaro siku nne. Mvua ya kwanza ilishuka mchana, nzito, na Veronika alitoka bila mwavuli. Maji yaliingia juu, yakanguruma chini ya barabara, yakatoka, mekundu na ya kasi, pale mapipa yake yalipokuwa zamani, hadi korongoni. Alipiga vigelegele peke yake kwenye mvua. Wiki hiyo mbege, iliyohamishiwa jikoni kwake, ilichacha kwa joto, na wateja walinuna.

Nafisa alikuja mvua ilipokatika. Safari hii hakusimama langoni. Alibeba chapati za moto ndani ya kitambaa.

"Jiko langu kavu," alisema. Kisha akauliza, "Lile gunia siku ile, lilikuwa la nini?"

Veronika aliinamisha macho. "La kuziba."

"Nilijua," Nafisa alisema, akakata chapati, akampa kipande kikubwa.