Dawud na W Zake Tano

Dawud Shariff, mchapaji wa Majengo, Nyeri, alikuwa na kasha la herufi alilolipenda kuliko sahani ya pilau. Zilikuwa herufi za madini ya risasi, kubwa, nene, zenye vijiguu imara chini, herufi zilizoshiba. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kila mwenye la kujivunia alizitaka: mwenye harusi, mwenye duka jipya, chama cha kahawa. Tangazo la matanga Dawud aliliandika kwa herufi nyembamba. Hizi nene, alisema, hazijui kulia.

Kasoro ilikuwa moja. Kasha lilitoka Uingereza, na waliolijaza hawakuwahi kukanyaga vijiji vya Tetu, ambako majina ya akina mama wengi huanza na W: waliweka W tano tu.

Jumatano moja akaingia Wachuka kutoka Wamagana, kiongozi wa akina mama waliobeba mawe ya kujengea shule ya harambee. Jumamosi shule ingefunguliwa. Mwenyekiti wa shule, Ngatia, alikuwa ameagiza matangazo mia mbili: jina lake kwa herufi nene, akina mama kumi na wawili chini kabisa, kwa nyembamba.

"Mzee Dawud, hii mgongo imebeba mawe miaka mbili. Ati sasa jina yangu ikae kama siafu? Tuweke sisi wote na hizi za miguu. Ngatia niachie mimi."

Dawud akakubali kwa moyo mkunjufu, akaanza kupanga. Wachuka, Watiri, Wakonyo... Yote kumi na mawili yalianza na W; jina la tano, W kwisha. Akapindua M, akapiga chapa ya kujaribu. Wachuka, mwanafunzi wa ngumbaru, kisomo cha watu wazima, akaitazama.

"Huyu amesimama na kichwa."

Ni kweli, miguu ya M ilikuwa imenyooka wima kuelekea mbinguni, haikutanuka kama mikono ya W. Miaka ishirini kazini, na Dawud akaona haya.

"Basi tutachapa mara tatu," akasema.

Majina matano, wino ukauke, W zing'olewe zihamie majina mengine matano, karatasi zirudi mashinini. Karatasi ikikaa upande kidogo tu, jina linampanda jirani. Siku mbili mkewe, Zabibu, alimletea chai pale pale, akimcheka.

Ijumaa, baada ya swala, yalibaki majina mawili. Karatasi ya kujaribia ilipotoka, Wachuka alikuwa amefika. Akasoma kwa kidole, jina kwa jina, anacheka huku machozi yanamtoka. Kidole kikateremka hadi ukingoni, kwenye vijiherufi kama punje za ulezi.

"Na hii?"

"Ni mimi, mchapaji."

"Wewe? Mbona kidogo hivyo?"

Dawud akacheka. Hakuwahi kujiandika kwa herufi zake nene, kwa kuwa hata jina lake lilitaka W, na W siku zote zilikuwa kazini kwa watu wengine.

Wachuka akachungulia kashani.

"Kuna tatu zimelala. Amsha moja."

Dawud akaiokota, akaifuta kwa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, wala hakujali wino, akalipanga upya jina lake kwa herufi nene, na W akaisimamisha katikati yake.